Kabla Hatujapakia Kontena

Kama mnavyojua, chama chetu kina mpango wa kukusanya kompyuta zilizotumika, tujaze kontena na kuzipeleka kwenye shule za sekondari huko nyumbani. Wazo ni zuri na nia ni njema. Lakini mimi nasomea ualimu hapa Uingereza, na Mungu akijalia nitarudi Tanzania kufundisha hisabati. Kompyuta hizo zikifika, mwalimu atakayekabidhiwa ufunguo wa chumba chake anaweza akawa mimi. Kwa hiyo naomba niseme yangu mapema.

Sipingi teknolojia, jamani. Hapa ninapofanyia mazoezi ya kufundisha, nachora grafu kwenye ubao wa kielektroniki, nabadilisha namba moja tu, na darasa zima linaona mstari unavyopanda. Kwa chaki ningefuta na kuchora upya mpaka kengele ilie. Ila nyuma ya ubao ule kuna vitu visivyoonekana: umeme wa uhakika, fundi anayekuja akiitwa, na mwalimu aliyefundishwa kuutumia. Kontena letu halibebi hata kimoja kati ya hivyo.

Wengine wameshapita njia hii. Serikali ya Peru iligawa kompyuta ndogo zaidi ya 800,000 kwa wanafunzi. Utafiti uliotolewa mwaka 2012, uliohusisha shule za msingi 319 za vijijini, ulionyesha kwamba watoto walizoea kutumia mashine, lakini katika hisabati na lugha hawakuwapita wenzao wasiokuwa nazo. Jirani zetu wa Kenya nao walianza mwaka 2016 kugawa vifaa vya kidijitali katika shule za msingi, na vikafika zaidi ya milioni 1. Wako walimu waliovitumia vizuri, lakini ziko pia shule ambako vilifungiwa kabatini kwa kuogopa wezi, au kwa sababu mwalimu hakujua aanzie wapi. Na kwetu Tanzania, vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilipelekwa kwa walimu. Hapo angalau alianza kufikiriwa mwalimu. Lakini kumpa mtu jembe siyo kumfundisha kulima.

Sasa tazama upande wa pili. Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zilianza mwaka 2014 kufundisha watoto hesabu kwa Kiswahili kupitia televisheni. Shule zilipofungwa mwaka 2020 kwa ajili ya korona, redio ya kawaida iliwapelekea watoto masomo hadi mahali ambapo intaneti haifiki. Hakuna mbwembwe hapo. Wenye kazi hiyo walianza na mtoto: anaelewa lugha gani, na nyumbani kwao kuna chombo gani? Sisi tumeanza na vitu ambavyo wazungu wanataka kuvitoa stoo.

Najua kuna watakaosema kwamba kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa. Labda, kama hicho kidogo kinafanya kazi. Kompyuta mbovu ni mzigo. Inachukua chumba wakati wanafunzi wanabanana kwenye madawati, inahitaji mlinzi na pesa ya umeme, na ikifa, shule haina pa kuitupa. Tusigeuze shule zetu kuwa jalala halafu tupige picha za kukabidhi msaada.

Mimi napendekeza mambo matatu. Kwanza, tuchague shule mbili tu, tuwaandikie wakuu wa shule na kuwauliza wanahitaji nini. Wakijibu vitabu au maabara, basi iwe vitabu au maabara. Pili, wakitaka kompyuta, pesa ya kusafirisha kontena na kulitoa bandarini inunue chache nzima, projekta moja, na sola pale umeme unaposumbua. Tuweke programu ya Kiwix, ambayo inawezesha kusoma Wikipedia, hata ile ya Kiswahili, bila intaneti. Tatu, kila mwaka baadhi yetu tunakwenda nyumbani likizo ya kiangazi. Tujitolee siku chache tukae na walimu. Tusiende kuwahutubia. Tuandae nao somo moja, walifundishe wenyewe sisi tukiwa pembeni, kisha tuulizane limesaidia wapi na limekwama wapi.

Najua kazi hii haina sifa kama kontena lililojaa. Lakini mtoto wa kidato cha pili asiyeelewa milinganyo hasaidiwi na idadi ya mashine tulizotuma. Anasaidiwa na mwalimu anayejua kwa nini ameiwasha. Kama mna hoja ya kunipinga, ileteni, tujadiliane wakati kontena bado tupu.