Kuwa Mtu wa Pwani Si Kuijua Bahari Kuu

Dada yangu alinijia juzi baada ya sala ya Alasiri, buibui limekaa upande, akanitaka nimkataze mwanawe. Kijana huyo ni fundi wa mashua kule Kilifi, na Mzungu mmoja amempa kazi ya kumsaidia kupeleka mashua yake ya tanga, yenye urefu wa futi 30 hivi, hadi Shelisheli. Watakuwa wawili tu. Nilipomwita akanijibu kwa adabu, ila kiburi kidogo hakikukosekana: "Mjomba, sisi ni watu wa bahari tangu enzi za mababu. Nitaogopaje maji?"

Jibu hilo ndilo lililonishikisha kalamu, wasomaji wapendwa, kwa kuwa nalisikia katika kila baraza, na kwa maoni yangu ni jibu la hatari.

Marehemu babu yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa jahazi. Jahazi lile lilikuwa na watu ishirini na zaidi, wakipokezana zamu, na sehemu kubwa ya safari walikuwa wakiandamana na pwani. Vyombo vya Arabuni vilishuka na kaskazi, vikarudi na kusi kabla haijakaza. Juni na Julai vilivutwa pwani vikapakwa sifa. Sikumsikia babu hata siku moja akijigamba kwa tufani aliyoivuka; alichojivunia ni siku ambazo nahodha wake alikataa kung'oa nanga, na matajiri wenye shehena wakimtukana.

Sasa tazama safari ya mpwa wangu. Kutoka Mombasa hadi Mahé ni zaidi ya maili 900 za bahari. Mashua ndogo ikienda vyema, maili tano kwa saa, ni siku nane, usiku na mchana, wala hakuna ghuba ya kujibanza. Kusi huvuma toka kusini-mashariki na kaskazi toka kaskazini-mashariki, kwa hiyo anayekwenda mashariki pepo zote mbili zamkabili. Mwenye akili husubiri maleleji, nayo yana shwari zake za kuchosha na tufani za ghafla.

Wengi hudhani kiuacho ni mawimbi. Mimi naogopa zaidi usingizi. Mmoja akilala, mwenziwe yu peke yake gizani, na meli ya mizigo iliyojitokeza sasa hivi kwenye upeo wa macho yaweza kuwafikia kwa dakika 20, bila aliye juu yake kuwaona. Au kijana atoke usiku kukojoa ubavuni, ateleze. Kila dakika mashua itamwacha nyuma mita 150, na mwenye mashua yumo ndani anakoroma. Hapo ustadi wa kuogelea hautamfaa kitu.

Mwaka 1973 Mwingereza Maurice Bailey na mkewe Maralyn walikuwa wakielekea visiwa vya Galápagos kwa mashua ya futi 31. Nyangumi akaitoboa, ikazama. Hawakuwa na redio ya kupeleka habari, na hilo lilikuwa kwa hiari yao. Walielea karibu miezi minne juu ya chelezo cha mpira, wakila kasa na samaki. Meli saba zilipita zisiwaone, hata wakaokolewa na wavuvi wa Korea. Meli saba! Siku hizi kuna kidude kinachopiga ishara kwa setilaiti, na ni neema kubwa, lakini ishara huita tu. Meli ya kuja kukutoa yaweza kuwa mbali mwendo wa siku mbili.

Tena kuna hofu. Katika mashindano ya Fastnet ya mwaka 1979, mashua 303 zilitoka Uingereza zikakutwa na dhoruba. Walikufa mabaharia 15. Mashua 24 zilihamwa na watu wake, na katika hizo zilizozama ni tano tu. Wako walioingia kwenye chelezo wakafa, na mashua waliyoikimbia ikakutwa ikielea.

Sikumkataza mpwa wangu. Kazi hazipatikani, na kijana asiyepata kutoka hubaki na visa vya babu za watu. Nilimpa masharti: ajifunge kamba kila atokapo nje, hata bahari ikiwa shwari; asiihame mashua maadamu inaelea; na la tatu, akatae kuondoka Julai, maana ndio mwezi anaoutaka yule Mzungu. Masharti mawili aliyakubali akicheka. Hilo la tatu alinyamaza. Asema bwana yule ana haraka, na akikataa yeye atachukuliwa mwingine.

Hadi naandika haya hajanipa jibu. Mamake amekwisha kumfichia pasipoti. Mimi najua ilipo, na mpaka Julai ipite sitasema.