Majina Ukutani Delphi

Watunzi wa visa vya miungu wameigeuza Delphi kuwa mji wa majoka na moshi, na nikilalamika naambiwa niache ubishi, eti ni burudani tu. Siachi. Chini ya hekalu la Apollo, kwenye mteremko wa mlima Parnassus, upo ukuta wa mawe uliochongwa mamia ya hati za watumwa walioachwa huru, nyingi za karne ya 2 na ya 1 K.K. Katika hati hizo mtumwa "aliuzwa" kwa Apollo ili awe huru. Fedha, kwa kawaida, alizitoa mwenyewe. Huruma ya mji mtakatifu? Soma hati hadi mwisho, ndugu msomaji. Baadhi yao, tena si wachache, walifungwa na sharti la kubaki wakimtumikia bwana yule yule mpaka afe. Baada ya kulipa! Na makuhani wa Apollo ndio waliokuwa mashahidi. Nileteeni kisa kimoja cha Delphi chenye mwanamke aliyejinunua asubuhi, akarudi jioni kumpikia bwana wake, nami nitanyamaza.