BAKSHISHI SI MSHAHARA

Ndugu wafanya kazi,

Katika mazungumzo yetu nimesikia mara nyingi neno moja likitoka vinywani mwa watu wetu wenyewe. Wanasema: "Wafanya kazi wa mahoteli ya pwani waacheni, wale hawana shida. Mzungu akimaliza kula humwachia weita noti, na noti ile ni kubwa kuliko mshahara wa siku nzima." Neno hili wenye mahoteli wanalipenda sana, nasi tunawabebea kama mzigo usiolipiwa nauli. Mimi nalipinga. Bakshishi si mshahara. Mtu anayeishi kwa bakshishi anaishi kwa huruma, na chama cha wafanya kazi hakikuundwa ili kugawa huruma.

Mwingine atauliza, mtu wa reli akaaye Tena ana habari gani na sahani za Malindi na Diani? Namjibu hivi. Kwanza, siku za East African Railways and Harbours, tangu 1948 hadi 1969, reli ilikuwa na mabehewa ya kulia chakula, na aliyepika na aliyeandaa meza mle ndani alikuwa mtu wa reli kama alivyokuwa fundi wa injini. Pili, tangu Mei 1948 isijafika, yaani mwezi wa Januari 1947, wafanya kazi wapatao 15,000 walikwisha kugoma Mombasa kwa muda wa siku 12. Hawakuwa makuli wa bandari peke yao. Watu wa reli walikuwemo, na wapishi na maboi wa majumbani na wa mahotelini walikuwemo. Walikutana wote mahali palipoitwa Kiwanja cha Maskini. Kiongozi wa African Workers' Federation, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka ule ule akapelekwa Kabarnet. Hakuteswa kwa ajili ya watu wa kazi moja tu. Basi mtu asituambie leo kwamba meza ya hoteli si jambo letu.

Sasa tutazame maisha ya mgeni. Malindi na Watamu wageni wengi ni Waitalia. Nchi yao ilijenga kituo cha kurushia roketi cha San Marco, baharini karibu na Ngomeni, katika miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa pale setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Waliokuja kwa kazi walipapenda, wengine wakafuata, na baadhi yao wakajenga majumba wakakaa. Leo katika mji wa Malindi muuza vinyago huweza kukusalimu "ciao" kabla ya "habari".

Asubuhi mgeni hunywa kahawa nyeusi katika kikombe kidogo. Kisha hulala juani chini ya mwavuli wa makuti, analetewa dafu. Mchana anakula piza iliyookwa kwa kuni, au spageti yenye kamba wa baharini. Alasiri anapanda tuk-tuk kwenda kununua aiskrimu. Usiku kuna kamba-koche, pweza na mvinyo. Mimi simchukii kwa hayo. Amefanya kazi kwao, ameweka akiba, amekuja kupumzika.

Lakini hesabuni mikono. Kuna mvuvi aliyezamia kamba-koche. Kuna aliyewasha tanuri kabla ya jua kuchomoza. Kuna mwanamke aliyefua shuka, aliyefagia mwani ufukoni, aliyesugua sufuria hadi saa sita usiku, na askari aliyekesha getini. Katika mikono yote hiyo mgeni anauona mmoja tu, mkono wa weita unaoweka sahani mezani. Huo ndio anaoutilia noti. Aliyeosha sahani ile hajulikani. Mwajiri anapowaambia wote kwamba mshahara ni mdogo kwa sababu bakshishi ipo, anamlipa mwosha sahani kwa noti ambayo haitamfikia kamwe.

Na noti hiyo yenyewe ina majira yake. Wageni huja kwa wingi Julai na Agosti, kisha Desemba hadi Machi. Masika yakiingia mwezi wa Aprili na kusi likianza kuvuma, bahari huchafuka na mahoteli mengine hufunga milango. Hapo mwenye hoteli hupumzika. Mfanya kazi je, tumbo lake nalo hufungwa kwa kufuli mpaka Julai?

Namjua kijana mmoja wa hapa Tena aliyesomea upishi. Ameteremka pwani misimu minne. Kila miezi mitatu inapokaribia kutimia, huambiwa apumzike wiki moja, kisha huandikwa upya kama mtu asiyejulikana. Mwezi wa Mei hurudi na mfuko wa nguo. Hana barua ya kazi, hana likizo ya malipo. Anakaa kwa mama yake, mwenye kibanda cha chapati na maharagwe, na mama ndiye amlishaye mpaka wageni warudi. Fahamuni maana yake. Mpishi wa samaki wa gharama anatunzwa kwa chapati za Tena. Hoteli inachukua miezi minono ya kijana yule, na miezi mikavu inamwachia mjane wa kibandani. Ninyi mnaokula pale mchana, ninyi pia mnailipia hoteli ile bila kujua.

Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akipewa kazi isiyoweza kumalizika katika miezi mitatu, huhesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Huwezi kumfukuza kwa neno la mdomo jioni, lazima apewe notisi ya siku 28. Kifungu cha 27 kinampa siku moja ya kupumzika katika kila siku saba. Kifungu cha 28 kinampa likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka, na malipo yake kamili. Hiyo "wiki moja ya kupumzika" ni ujanja wa kuikata kamba ya siku ili sheria isimfikie mtu. Kazi ya kupika katika hoteli haimaliziki. Wageni wa jana wakienda, wa leo wanataka kula.

Tena itazameni bili ya mgeni. Serikali imeandika humo sehemu yake: asilimia 16 ya kodi ya thamani, na asilimia 2 ya Mfuko wa Utalii. Hakuna hoteli inayomwambia mtoza kodi, "Bwana, ngoja tuone kama mgeni atafurahi, ndipo tutakupa." Fungu la Serikali ni haki, limepigwa hesabu mpaka senti. Fungu la mfanya kazi ndilo peke yake lililoachwa kwa furaha ya mgeni. Baadhi ya mahoteli huongeza katika bili ada ya huduma. Mgeni akiisoma haongezi kitu, kwa kuwa anadhani amekwisha kumlipa aliyemhudumia. Basi na ijulikane: fedha hiyo inakwenda wapi? Ikiwa imetozwa kwa jina la huduma, waliohudumu waonyeshwe daftari.

Kuna na jambo la bangili. Mgeni hulipa kila kitu kwao Ulaya, chakula, kinywaji na kitanda, kisha anafungwa bangili mkononi. Akifika haoni sababu ya kutoka nje ya ukuta. Kwa nini akale mjini, naye amekwisha kulipia kula ndani? Mkahawa wa mjini unakosa, mwenye tuk-tuk anakosa, muuza madafu anakosa. Na mle ndani mgeni hana hata pochi mezani, kwa hiyo ile bakshishi iliyokuwa ikiimbwa haipo. Tunaambiwa kila siku kwamba utalii ni mto unaonywesha wote. Mto wenye ukuta pande zote ni birika la mtu mmoja.

Lakini pembeni ya Mida Creek, kule Dabaso karibu na Watamu, kikundi cha wenyeji kina mkahawa wake juu ya mikoko. Wanaandaa kaa na sambusa za kaa, na wageni huenda kula. Kwa hiyo si kweli kwamba mgeni hali ila kwa mwenye mtaji mkubwa.

Wapinzani wetu wana hoja moja wanayoirudia. Wanasema: "Mkidai sana, wageni watakimbia." Nawajibu kwa historia. Wageni walikimbia mwaka 1997, ghasia za Likoni zilipotokea. Walikimbia baada ya tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise ya Kikambala ilipolipuliwa. Walikatika kabisa Machi 2020, ndege zilipozuiwa kwa sababu ya korona. Katika mara zote hizo tatu, je, ni mshahara wa weita uliowafukuza? La. Na kila mara aliyebeba hasara ya kwanza alikuwa yeye, aliyepelekwa nyumbani bila malipo. Kikambala walikufa Waisraeli watatu na Wakenya 10, na miongoni mwa Wakenya hao walikuwamo wacheza ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni mlangoni. Watu wanaosimama mlangoni namna hiyo, mbele ya kila hatari, wanaambiwa watosheke na noti ya mkononi?

Isitoshe, mgeni mwenyewe hashangazwi na mshahara halali. Kule Italia mhudumu wa mkahawa ana mapatano ya nchi nzima yaliyotiwa sahihi na vyama vyake, na kwa mapatano hayo hupata mshahara wa mwezi wa 13, hata wa mwezi wa 14. Mtu wa Milano akila kwao anajua hivyo, na bado anakula. Kwa nini akivuka bahari aambiwe kwamba haki hiyo itamharibia chakula?

Tusisahau walio majumbani. Wageni wakaao wana wapishi wao, watu wa bustani na askari wa usiku. Hapo hakuna msimu, lakini hakuna hata barua. Na mpaka wa mshahara wa chini katika nchi yetu umegawanywa kwa mahali: miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa ina kiwango chake, miji iliyokuwa manispaa, kama Malindi, iko chini yake, na sehemu nyingine ziko chini zaidi. Kwa hiyo mpishi wa Malindi anahesabiwa kuwa mtu wa daraja la pili. Lakini bei ya unga haikumshushia daraja.

Na sasa neno kwa ajili yetu wenyewe. Tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017, watu wengi wa Nairobi huteremka pwani Desemba. Mtu aliyekuwa akisukumana nasi kwenye matatu ya Tena, akifika Diani hupiga vidole kumwita weita, humwita "wewe" mtu mwenye umri wa baba yake, kisha hurusha shilingi hamsini mezani kama mfalme. Huo si ungwana. Ukitaka kumheshimu mwenzako, muulize: umeandikwa kazi? Una siku ya kupumzika? Uko katika chama?

Kwa hiyo napendekeza tawi letu lipitishe madai haya na kuyapeleka kwa ndugu zetu wa KUDHEIHA, ambao ndio wenye chama cha watu wa mahoteli na majumbani:

1. Kila kibarua aliyetimiza muda wa kifungu cha 37 apewe barua ya kazi, na hila ya kumsimamisha wiki moja ikomeshwe.

2. Mfanya kazi wa msimu awe na mkataba unaomhakikishia kurudi kazini msimu ukianza, na fungu la kujikimu milango inapofungwa.

3. Ada ya huduma ikitozwa, daftari lake lifunguliwe mbele ya wawakilishi wa wafanya kazi, na mwosha sahani apate sawasawa na weita.

4. Mapatano yaliyopo kati ya chama na wenye mahoteli yawafikie vibarua, yasiishie kwa wenye kazi ya kudumu tu.

5. Wapishi na maboi wa majumbani wakusanywe chamani, nyumba kwa nyumba, kama walivyokusanywa 1947.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inasema chama kikiwa na zaidi ya nusu ya wafanya kazi wanaostahili kuwa wanachama, mwajiri hana budi kukitambua. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kujiunga na haki ya kugoma. Silaha zipo. Kilichobaki ni watu kuacha kuhesabu noti za bakshishi na kuanza kujihesabu wenyewe.

Mgeni na aje, ale, ashibe, alale salama. Ukarimu ni desturi yetu, nao ni wa kale kuliko hoteli zote. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, akakaribishwa, akapewa na rubani wa kumvusha mpaka India. Alichoacha nyuma ni nguzo ya mawe, na mpaka leo wageni huenda kuipiga picha. Nguzo hailiwi. Sisi tunadai mshahara ulioandikwa, wa miezi 12.

Ndimi wenu katika chama,
MFANYA KAZI WA RELI
Tena, Nairobi