Sabufa za chumbani: wati za kwenye boksi na hesabu ya mpakani

Biashara ya sabufa na homu thieta kati ya Dar es Salaam, Nairobi na miji ya nchi jirani huwavutia wafanyabiashara wengi wenye mitaji midogo, kwani bidhaa hiyo haiozi njiani kama nyanya wala haipitwi na mitindo upesi kama nguo. Hata hivyo, mtaji unaweza kukwama stoo kwa miezi kadhaa kutokana na makosa mawili. La kwanza ni kuchagua mzigo kwa kuangalia ukubwa wa boksi na idadi ya wati zilizochapishwa juu yake. La pili ni kudhani kuwa risiti ya duka inatosha kuvusha mzigo mpakani.

Makosa hayo yana chanzo kimoja, nacho ni kumsahau mnunuzi wa mwisho. Mijini, sehemu kubwa ya wateja wa sabufa ni wapangaji wa chumba kimoja au chumba na sebule. Televisheni iko mbele ya kitanda, kitanda kimeegemea ukuta, na jirani yuko upande wa pili wa tofali la inchi sita. Chumba hicho ndicho kinachopaswa kuamua mzigo wa kununuliwa Kariakoo au Luthuli Avenue, kwa sababu ndicho kitakachoamua kama mteja atarudi kununua tena au atarudi kudai fedha zake.

Wati za PMPO na wati za kweli

Maboksi mengi ya bei nafuu huandikwa maelfu ya wati za PMPO. Kipimo hicho hakina kanuni moja inayofuatwa na viwanda vyote. Kila kiwanda kinaweza kukikokotoa kinavyotaka, mara nyingi kwa kuhesabu mshituko wa sekunde chache mno ambao spika haiwezi kuuhimili. Kipimo cha kulinganisha ni kile cha RMS, yaani nguvu ambayo amplifaya inaweza kuitoa mfululizo bila kuharibu sauti.

Ipo njia rahisi ya kuwagundua waongo bila kuwa fundi. Mfanyabiashara aigeuze sabufa na kusoma kibandiko cha nyuma, pale panapoandikwa umeme inaotumia. Ikiwa kifaa kinatumia wati 60 kutoka ukutani, hakiwezi kutoa wati 500 za sauti mfululizo. Kitatoa chini ya hizo 60, kwani sehemu ya umeme hupotea kama joto.

Aidha, wati nyingi si lazima ziwe kelele nyingi kwa kiwango hicho hicho. Kuongeza nguvu mara mbili huongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa kiasi kidogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, zinahitajika takriban desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo mteja anayelipa ziada kubwa ili atoke wati 40 hadi 60 za RMS hatasikia kile alichokilipia, na muuzaji aliyemwahidi makubwa ndiye atakayelaumiwa.

Chumba kidogo na besi kubwa

Besi husafiri katika mawimbi marefu. Sauti ya Hz 40 ina wimbi la karibu mita 8.6, wakati chumba cha kawaida cha kupanga hakifiki hata nusu ya urefu huo. Katika chumba cha mita 3 kwa mita 3.5, kuta hurudisha mawimbi na kuyakuza zaidi katika maeneo ya Hz 49 na Hz 57. Matokeo yake ni mvumo mzito unaofunika maneno ya filamu, mabati yanayotetemeka na jirani anayegonga ukuta. Godoro na mapazia hupunguza mwangwi wa sauti nyembamba, lakini hayazuii besi.

Kwa chumba cha namna hiyo, sabufa yenye spika ya inchi 6.5 au 8 inatosha. Sabufa iliyofungwa pande zote, isiyo na tundu la hewa, mara nyingi hutoa besi iliyo safi na kavu zaidi chumbani, ingawa ile yenye tundu huvuma kwa nguvu zaidi dukani na kumvutia mpita njia. Inchi 10 au 12 ni za sebule pana, ukumbi na baa.

Mahali pa kuiweka pana uzito sawa na ukubwa wake. Ikiwekwa kwenye kona, besi huongezeka bila gharama yoyote, na mvumo nao huongezeka. Mafundi hutumia mbinu moja rahisi: sabufa huwekwa kwanza mahali anapokaa msikilizaji, muziki wa besi hufunguliwa, kisha mtu hupita kandokando ya kuta akiwa ameinama kutafuta sehemu ambayo besi husikika sawasawa. Hapo ndipo sabufa huhamishiwa. Muuzaji anayempa mteja maelezo hayo ya dakika mbili hupunguza marejesho ya bidhaa isiyo na kasoro yoyote.

Spika tano nyuma ya kitanda?

Swali la pili ni idadi ya spika. Mfumo wa 5.1 una spika tatu mbele, mbili za kando kuelekea nyuma ya msikilizaji, na sabufa moja ambayo ndiyo ile nukta moja. Ili sauti izunguke kama ilivyokusudiwa, spika za nyuma hupaswa kuwa pembe ya nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele ya msikilizaji. Mtu aliyeegemea kichwa cha kitanda, na kitanda kimeegemea ukuta, ana nafasi ndogo sana ya kuziweka huko. Wengi huishia kuzipanga zote juu ya kabati la televisheni.

Lipo pia tatizo la waya. Homu thieta nyingi za bei ya chini huandikwa 5.1 lakini hupokea sauti kwa waya mbili tu, mwekundu na mweupe, au kwa bluetooth. Njia hizo hubeba sauti ya pande mbili, kushoto na kulia. Spika za nyuma hurudia kile kinachosikika mbele, na mzunguko wa kweli haupo. Ili kuupata, kifaa kinahitaji kupokea na kufasiri sauti ya 5.1 kupitia HDMI ARC, teknolojia iliyoingia mwaka 2009, au kupitia waya wa mwanga. Filamu yenyewe nayo iwe imerekodiwa hivyo.

Kwa sababu hizo, mfumo wa 2.1, yaani spika mbili na sabufa, ndio unaolingana na chumba kidogo. Anayetazama filamu sana na kulalamika kuwa hasikii mazungumzo anaweza kuuziwa 3.1, ambao huongeza spika ya kati kwa ajili ya sauti za watu, mradi kifaa kiwe na uwezo halisi wa kuitenga sauti hiyo.

Boksi kubwa hubeba hewa

Hapo ndipo hesabu ya msafirishaji inapoingia. Spika ni mbao na hewa, hivyo kontena au lori hujaa kabla halijakaribia uzito wake. Mizigo ya kuchangia kontena hulipiwa kwa mita za ujazo, maarufu kama CBM, au kwa tani, kutegemea ipi ni kubwa. Kwa sabufa, CBM ndiyo hushinda.

Chukua mfano wa boksi la 5.1 lenye sentimita 60 kwa 45 kwa 40. Lina CBM 0.108, kwa hiyo CBM moja hubeba maboksi 9. Boksi la 2.1 lenye sentimita 40 kwa 30 kwa 35 lina CBM 0.042, na CBM moja hubeba 23. Kama nauli ni dola 100 kwa CBM, boksi kubwa hubeba nauli ya dola 10.80 na dogo dola 4.20.

Nauli hiyo haiishii kwa msafirishaji. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, forodha hukokotoa ushuru kwa thamani ya bidhaa pamoja na bima na nauli hadi bandarini. Viwango vikuu vya ushuru wa pamoja ni 0, 10 na 25 kwa mia, na tangu Julai 2022 kipo cha 35 kwa mia kwa baadhi ya bidhaa zilizokamilika. Bidhaa inayotozwa 25 kwa mia, kisha VAT ya 18 kwa mia kama ya Tanzania Bara au Uganda, huongezeka gharama kwa 47.5 kwa mia kabla ya tozo nyingine. Nauli ya dola 10.80 hivyo huwa karibu dola 16, na ile ya dola 4.20 huwa takriban 6.20. Mfanyabiashara analipia kodi hewa iliyomo ndani ya boksi.

Cheti cha dola 2,000 hakihusu sabufa ya China

Wachuuzi wengi wanaovuka Namanga, Mutukula, Rusumo au Kabanga wamesikia habari za cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, kinachohusu mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Kinachosahaulika ni neno uasili. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sabufa iliyotengenezwa Guangzhou haibadiliki kuwa ya Tanzania kwa kununuliwa Kariakoo, wala kwa kubandikwa nembo mpya na kuwekwa kwenye boksi jingine. Ofisa wa forodha ana haki ya kudai ushuru, na risiti ya duka haimzuii.

Anayenunua kwa wingi kwa ajili ya Kigali, Bujumbura au Lubumbashi afanye hesabu ya kuleta mzigo kwa transiti tangu bandarini, akitumia wakala wa forodha, badala ya kununua mzigo uliokwisha kulipiwa kodi Dar es Salaam kisha kudaiwa tena uendako. Kwa wenye mitaji midogo, kuungana watu kadhaa katika kontena moja hupunguza gharama, mradi kila mmoja awe na ankara yake.

Wasafirishaji nao wana la kuangalia. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa mzigo wa magendo na hata chombo kilichoubeba. Maboksi kumi yaliyofichwa chini ya magunia yanaweza kuligharimu lori zima.

Kuhusu ubora, Kenya ilianza ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa mwaka 2005, Tanzania mwaka 2012, na Uganda nayo ina utaratibu huo. Cheti cha ukaguzi kipatikane kabla meli haijaondoka, kwani kukifuata baada ya mzigo kufika huambatana na adhabu na gharama za kuhifadhi.

Mambo madogo yanayouma

Plagi ni mfano mzuri. Tanzania, Kenya na Uganda hutumia plagi ya pini tatu bapa. Rwanda, Burundi na Kongo hutumia zaidi pini mbili za mviringo. Anayepeleka Bujumbura aagize waya unaofaa tangu kiwandani, au aingize bei ya adapta katika hesabu yake.

Mbao za MDF huvimba zikilowa, hivyo turubai na chaga za kuinulia maboksi ni lazima wakati wa masika. Kwa anayesafirisha kwa ndege, sumaku kubwa za spika zinaweza kuhesabiwa kama mzigo hatari, na shirika la ndege liulizwe mapema.

Mwisho, sabufa ya mfano ijaribiwe kabla ya oda kubwa. Ifunguliwe bila muziki ili kusikia kama inanguruma, kisha isikilizwe taarifa ya habari kwa sauti ya chini. Ikiwa sauti ya mtangazaji inasikika wazi, hiyo ndiyo ya kumpelekea mpangaji wa chumba kimoja. Ile inayotikisa duka zima itafute wenye baa, na bei yake ihesabiwe kwa CBM. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na katika biashara hii debe hilo hulipiwa nauli, ushuru na VAT.