Mlo wa Kiingereza, Heshima ya Kiswahili

Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa akifundisha Kiingereza chuoni Nairobi, alidai pamoja na wenzake wawili kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika itangulie. Alipowekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, aliamua kuandika riwaya kwa Kigĩkũyũ. Hata hivyo, uhamishoni Marekani aliishi kwa mshahara wa uprofesa wa Kiingereza.

Mwanawe, Mũkoma, naye alifuata kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha Cornell. Lakini mwaka 2014, yeye na Lizzy Attree walianzisha tuzo ya fasihi ya Kiswahili. Miongoni mwa washindi wa kwanza, mwaka 2015, walikuwa Anna Samwel Manyanza na Mohammed Ghassani.

Wapo watakaowabeza baba na mwana kwa kula kwa Kiingereza huku wakizitetea lugha za Afrika. Hao wamekosea shabaha. Lugha haikuzwi kwa hotuba. Hukua mwandishi wake anapopata mchapaji, msomaji na riziki. Swali la haki ni hili: kwa nini lugha ya mamilioni ishindwe kumlisha mwandishi wake? Jibu wanalo vyuo na wachapishaji wa Afrika Mashariki.