Mlafi Si Daktari

Mhariri, makala yenu inayowaita walafi madaktari wa kliniki ndogo wanaotoza wagonjwa fedha taslimu imebisha mlango usio wake. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) nchini Kenya iliposhika nafasi ya bima ya taifa ya afya (NHIF), mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara kabla hata hajaugua. Makato hayasubiri, kinachosubiri ni malipo ya SHA kwa kliniki. Muuza dawa hapokei ahadi, wala muuguzi halipi kodi ya nyumba kwa madai yaliyokwama kwenye mfumo. Ndiyo, wapo waliodai malipo ya wagonjwa hewa, washtakiwe. Lakini kumcheleweshea mwaminifu haki yake kwa kosa la mwizi si ukaguzi. SHA ilipe kwa tarehe inayojulikana, ndipo tumhukumu daktari.