Insha ya hoja yataka kumsikiliza mpinzani

Mwanafunzi wa chuo kikuu akipewa insha ya kutetea kwamba Kiswahili kitumiwe kufundishia katika shule za msingi nchini Kenya, aghalabu huanza kazi kinyumenyume. Huandika msimamo wake kwanza, kisha akatafuta katika Google sentensi tatu nne za kuuegemeza. Kazi ya namna hiyo huwa na marejeleo lakini haina hoja, kwa kuwa mpinzani hakusikilizwa popote.

Jambo hili lasikitisha zaidi tukikumbuka kwamba vyuo vyetu, kupitia muungano wa maktaba wa KLISC, hulipia hifadhidata za majarida ya kitaaluma. Ada hizo hazianguki kutoka mbinguni. Ni karo ya wazazi na kodi ya raia.

Hifadhidata haielewi swali. Hulinganisha maneno tu. Makala nyingi kuhusu suala hili zimeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kina majina mawili ya lugha ya kufundishia: "language of instruction" na "medium of instruction". Anayetafuta kwa jina moja atayakosa yaliyoandikwa kwa jingine. Hana budi kuyaunganisha kwa OR, kisha aongeze Kenya, au nchi nyingine ya kulinganisha nayo, kwa AND. Akumbuke pia kwamba katika JSTOR, iliyoanzishwa mwaka 1995, matoleo ya karibuni ya majarida mengi hayamo. Majarida ya Afrika ayatafute katika AJOL, ambayo wengi huisahau ingawa ipo tangu 1998.

Akiutafuta upande wa Nigeria atakutana na mradi wa Ife, ulioanza mwaka 1970, ambapo watoto walifundishwa kwa Kiyoruba kwa miaka yote sita ya shule ya msingi, na bado hawakuachwa nyuma katika Kiingereza. Hapo wengi wangeacha kusoma kwa furaha. Hasha! Na asome pia waliouhoji mradi huo. Je, ilikuwa lugha iliyowasaidia watoto wale, au vitabu vipya na walimu walioandaliwa vyema? Tena, Kiyoruba ni lugha ya mama ya watoto wa Ife, ilhali Kiswahili si lugha ya mama ya mtoto wa Turkana. Ushahidi aliodhani ni wake huenda ukawa silaha ya wanaotetea lugha za mama, ambazo Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilizipendekeza kwa madarasa matatu ya kwanza. Sasa ndipo ana jambo la kuandikia insha.

Wahadhiri nao wadai, kabla ya insha yenyewe, ukurasa mmoja unaoonyesha maneno yaliyotumiwa kutafuta na makala moja nzito inayoupinga msimamo wa mwandishi. Na wakutubi wahakikishe kila mwanafunzi ana nywila ya kumwezesha kusoma akiwa nyumbani. Mafunzo ya hifadhidata yasiishie katika ile ziara ya wiki ya kwanza, wakati ambapo mgeni hajajua hata ukumbi wa mihadhara uliko.